Hofu ya krimu za steroidi imekosea mlango

Mei 2025, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliokaa Geneva ulipitisha azimio linaloyataja magonjwa ya ngozi kuwa kipaumbele cha afya ya umma duniani. Ni azimio lililochelewa, na lilistahili kuzungumzwa sana hapa Uganda, ambako mgonjwa wa ngozi huwekwa mwisho wa foleni kwa sababu eti ngozi haiui. Lakini sauti iliyotufikia kwa nguvu ni nyingine. Kutoka Bombo hadi Busia, kwenye makundi ya WhatsApp ya akina mama, ya vikoba na ya majirani, zinazunguka video za watu waliobabuka ngozi na kuvimba nyuso, wakisema krimu za steroidi, dawa za kupaka zinazotuliza muwasho na uvimbe wa ngozi, ndizo zilizowaharibu na kwamba kila mwenye tyubu nyumbani aitupe leo hii. Video hizo zimeikuta vita nyingine iliyo ya haki kabisa, ile dhidi ya mkorogo, yaani krimu za kujichubua ngozi, ambazo baadhi zina steroidi kali au zebaki. Zilipochanganyika, likazaliwa fundisho moja jepesi: steroidi ni sumu.

Fundisho hilo lina kosa, na kosa hilo linaumiza watu. Krimu ya steroidi inaweza kutumika kwa miaka, hata kwa mtoto mdogo, bila kuharibu ngozi, mradi ugonjwa unajulikana, ukali wa dawa unalingana na mahali inapopakwa, na siku za kupaka na za kupumzika zimepangwa. Ngozi huharibiwa na dawa kali isiyojulikana hata jina, inayopakwa kila siku usoni au mwili mzima, mwezi baada ya mwezi, na mtu ambaye hakuwahi kuambiwa anaugua nini. Sera itakayoshindwa kutenganisha mambo haya mawili itauacha mkorogo dukani na kumnyang'anya mtoto dawa yake.

Tuanze na dawa yenyewe. Mwaka 1952 madaktari wawili wa Marekani, Marion Sulzberger na Victor Witten, waliripoti kwamba haidrokotizoni ikipakwa juu ya ukurutu (eczema), ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha, inautuliza. Haidrokotizoni ni homoni ile ile inayotengenezwa na tezi ndogo zilizo juu ya figo za kila mmoja wetu, kwa hiyo mwili unaifahamu tangu zamani. Wanakemia waliofuata waliigeuza geuza umbo ili wapate dawa kali zaidi: betamethasoni miaka ya 1960, kisha klobetasoli miaka ya 1970. Leo krimu hizi hupangwa katika madaraja manne ya ukali, na hapo pana mtego ambao nimeona ukiwanasa hata wauzaji wa dawa. Boksi la haidrokotizoni limeandikwa 1%. La betamethasoni limeandikwa 0.1%. La klobetasoli limeandikwa 0.05%. Mama anayejua hesabu zake anachagua klobetasoli kwa ajili ya shavu la mtoto, akiamini amechukua iliyo ndogo kuliko zote. Kumbe hiyo ya 0.05% ndiyo iliyo daraja la juu kabisa, na inakadiriwa kuizidi haidrokotizoni kwa ukali mara 600. Asilimia inaonyesha kiasi cha dawa kilichomo kwenye krimu. Ukali wa dawa hiyo ni habari nyingine, na haumo kwenye namba hiyo.

Mtego wa pili ni mahali. Mwaka 1967 watafiti Feldmann na Maibach walipima ni kiasi gani cha haidrokotizoni kinapenya ngozi ya sehemu mbalimbali za mwili. Wakiuchukua mkono, chini ya kiwiko, kuwa kipimo cha 1, paji la uso lilipitisha mara 6, taya mara 13, na ngozi ya pumbu mara 42. Unyayo haukufikisha hata moja ya tano. Kwa hiyo tyubu ile ile, siku zile zile, ni dawa ya kawaida kwenye kisigino na ni dawa nzito mno usoni au kwenye mapaja ya mtoto aliyefungwa nepi na chupi ya plastiki juu yake, maana kufunika nako huongeza kupenya. Anayeuliza kama krimu fulani ni salama, bila kusema ni ya wapi mwilini, bado hajauliza swali linaloweza kujibiwa.

Sasa niwape haki yao wanaoogopa, kwa sababu hoja zao nyingi zina msingi. Steroidi kali ikitumiwa vibaya inaikonda ngozi, inaleta michirizi isiyofutika, inatokeza vijishipa na chunusi usoni, inaweza kupandisha presha ya jicho ikipakwa karibu na kope kwa muda mrefu, na ikipakwa mwili mzima huingia kwenye damu na kuzilaza zile tezi za juu ya figo. Tatizo la ngozi kuwaka kwa kishindo baada ya kuacha dawa nalo ni la kweli. Albert Kligman na Peter Frosch waliandika kulihusu mwaka 1979 wakiliita uraibu wa steroidi, na mwaka 2021 wakala wa dawa wa Uingereza ulitoa tahadhari rasmi kuhusu hali hiyo. Watu wa kwenye video hawasemi uongo juu ya maumivu yao, na daktari anayewacheka anakosea. Lakini ukisikiliza kwa makini wanachosimulia, karibu kila mara utasikia mambo yale yale: krimu ya ukali wa kati au zaidi, usoni au sehemu kubwa ya mwili, kila siku, miezi au miaka bila kupumzika, na hakuna aliyekuwa akimfuatilia. Huo ndio mlango wa hatari. Mtoto anayepakwa viwiko siku tano kisha akaachwa hajaukaribia.

India imetupa somo lingine. Huko krimu zenye mchanganyiko wa steroidi, dawa ya fangasi na dawa ya bakteria ziliuzwa ovyo kwa miaka mingi, na madaktari wa ngozi wakaanza kukutana na fangasi sugu zilizotapakaa mwili mzima. Mwaka 2018 serikali yao iliweka aina 14 za steroidi za kupaka chini ya cheti cha daktari. Mchanganyiko wa aina hiyo, betamethasoni pamoja na gentamisini na klotrimazoli, tunao sana hapa kwetu, na wengi huuomba dukani kama wanavyoomba dawa ya kichwa. Mwenye choa akiupaka, muwasho unatulia siku mbili tu, kwa kuwa steroidi imenyamazisha kinga ya ngozi iliyokuwa ikipigana na fangasi. Ile duara yenye ukingo ulioinuka, ambayo hata bibi angeitambua, inafifia na kupoteza umbo, huku fangasi wenyewe wakisambaa chini kwa chini. Upele wa kuambukiza nao hufichika vivyo hivyo. Kwa hiyo wanaosema "imenituliza, basi ilikuwa dawa yangu" wamejenga juu ya mchanga. Steroidi inatuliza muwasho wa karibu kila kitu, hata ule wa ugonjwa inaoulisha.

Ila hoja dhaifu kuliko zote iko upande wa wanaokataa steroidi kabisa, nayo ni ile inayosema: tupa tyubu, rudi kwenye krimu za asili, hazina kemikali. Mwaka 1999 madaktari wa London walizipima krimu 11 za mitishamba ya Kichina ambazo wagonjwa wao walizisifu kwa kutibu ukurutu. Nane kati yake zilikuwa na deksamethasoni, steroidi, bila neno lolote kwenye lebo. Nyingine walipewa watoto wazipake usoni. Mtu aliyeikimbia haidrokotizoni yenye jina, kipimo na tarehe akakimbilia kikopo kisicho na jina, hajaiacha steroidi. Ameacha kujua tu anachopaka. Na hayo hayako London peke yake. Katika duka moja nilimwona muuzaji akichota krimu nyeupe kutoka mkebe mkubwa kwa kijiti cha mbao, akaisawazisha kwenye kikopo cha plastiki, akafuta ukingo kwa kidole gumba, na kuandika juu ya kifuniko kwa kalamu ya wino: "asubuhi na jioni". Jina la dawa halikuwepo, wala mwisho wa kuitumia. Mteja alikuwa msichana wa sekondari mwenye chunusi.

Gharama ya hofu nayo lazima iwekwe mezani, kwa sababu wapiga kampeni huitaja mara chache sana. Mpwa wangu wa Bombo ana miaka minne na ukurutu unaomkaa kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti tangu akiwa ananyonya. Mama yake alipewa krimu kliniki, mtoto akatulia, kisha akaiona moja ya video zile na kuitumbukiza tyubu chooni. Nilimkuta mtoto wiki tatu baadaye. Ngozi ya viwiko ilikuwa ngumu, ya kijivu kizito, imepasuka katikati ya mkunjo, na majimaji ya manjano yalikuwa yameganda yakaugandisha mkono wa sweta. Ilibidi tuulowanishe kwa maji ya uvuguvugu ili uachie. Usiku alilala na soksi mikononi. Steroidi haikuwa imemgusa kwa wiki tatu nzima. Ule ulikuwa ukurutu wenyewe ulioachwa bila kizuizi, na bakteria wakapata pa kuingilia.

Kuna jambo la ngozi nyeusi ambalo linazidisha mkanganyiko huu. Vitabu vingi vya tiba vinafundisha kwamba ukurutu ni ngozi nyekundu, na vikaratasi vya dawa vinasema acha kupaka wekundu ukiisha. Kwetu sisi wekundu huo mara nyingi hauonekani. Ngozi huwa ya zambarau, kijivu au nyeusi zaidi, na wakati mwingine kinachoonekana ni vipele vidogo vidogo vinavyokwaruza ukipitisha kiganja. Ugonjwa ukitulia, huacha baka jeusi au jeupe linaloweza kukaa miezi. Mzazi akiona baka jeusi anaendelea kupaka akidhani ugonjwa bado upo, na hivyo anavuka muda. Mwingine akiona baka jeupe anaacha ghafla akiamini dawa imemchubua mwanawe, ilhali mara nyingi weupe huo umeachwa na ugonjwa wenyewe na rangi itarudi. Steroidi nayo yaweza kupausha, hilo silikatai. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kidole na kucha: kama ngozi imekuwa laini ukiishika na mtoto hajikuni, ugonjwa umelala, rangi isemavyo iseme.

Je, ushahidi unasemaje kuhusu muda mrefu? Mwaka 2022 mtandao wa Cochrane, unaopitia kwa pamoja tafiti za tiba, ulikusanya majaribio 104 ya njia za kutumia steroidi kwa ukurutu, yenye washiriki 8,443. Ngozi kukonda kuliripotiwa kwa watu 26 kati ya 2,266 katika majaribio yaliyolifuatilia hilo, sawa na asilimia 1 hivi, na wengi wa hao walikuwa kwenye daraja kali kuliko yote. Wapinzani wanasema, na wana haki kusema, kwamba majaribio mengi yalidumu wiki chache tu. Basi tutazame uliodumu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia kwa miaka mitano watoto 2,418 walioanza wakiwa na umri wa miezi 3 hadi 12, baadhi yao wakitumia steroidi za ukali mdogo hadi wa kati kila ukurutu ulipowaka. Katika kundi la steroidi, kukonda kwa ngozi kuliripotiwa kwa mtoto mmoja. Na uliofadhili utafiti huo ni mtengenezaji wa dawa shindani isiyo steroidi, ambaye hakuwa na sababu yoyote ya kuzisetiri steroidi.

Mfano unaonigusa zaidi unatoka Australia. Kuna ugonjwa uitwao laikeni sklerosasi, unaokausha na kukunja ngozi ya sehemu za siri za wanawake, na ukiachwa unaweza kuzaa saratani. Hiyo ni ngozi laini kabisa, mahali ambapo kila mtu angesema steroidi isikanyage. Wanawake 507 walifuatiliwa kwa miaka wakipaka steroidi kwa mpango uliopimwa, na matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Kati ya waliofuata mpango, hakuna hata mmoja aliyepata saratani. Kati ya 150 waliopaka kwa kusuasua, 7 waliipata. Mwanamke wa hapa Kampala mwenye ugonjwa huu akiambiwa na shoga yake kwamba krimu ni sumu, akaiacha kwa aibu na hofu, ni nani atakayebeba lawama hiyo?

Kutumia kwa miaka hakumaanishi kupaka kila siku kwa miaka, na hapa wengi hupotea. Kwa ukurutu, utaratibu uliothibitishwa ni wa awamu mbili. Ugonjwa ukiwaka, paka mara moja kwa siku (kwa krimu kali, mara mbili haijaonekana kuzidi mara moja) hadi ngozi iwe laini, kwa kawaida kati ya siku chache na wiki mbili, kisha acha. Kwa anayerudiwa kila mara, kuna kupaka siku mbili tu kwa wiki kwenye sehemu zile zile zinazopenda kuwaka, hata zikionekana nzima, na siku tano zilizobaki ni mafuta matupu. Kipimo ni urefu wa kiungo cha mwisho cha kidole cha shahada cha mtu mzima, krimu ikiwa imekamuliwa kutoka tyubu ya kawaida: hiyo ni nusu gramu, na inatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Uso na mikunjo ni vya daraja la chini, isipokuwa aliyekupima ameagiza vingine. Klobetasoli haikusudiwi kuzidi wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki bila usimamizi. Mwenye soriasisi, ugonjwa wa ngozi yenye magamba, awe mwangalifu zaidi, kwa kuwa akiiacha ghafla krimu kali aliyoipaka mwili mzima, ugonjwa unaweza kurudi na usaha. Na chini ya yote hayo yapo mafuta: mgando usio na manukato, au moo yaa, mafuta ya mti wa shea yanayokamuliwa na mama zetu wa Acholi na Lango, yapakwe mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa na unyevu. Anayeoga kwa sabuni ya mche na kujiacha mkavu atahitaji steroidi nyingi zaidi kuliko inavyopaswa. Mafuta kwangu ni nusu ya dawa.

Tukikubali haya, madai yetu kwa serikali yanabadilika. Wanaotaka steroidi zote zipigwe marufuku madukani wanasahau kwamba haidrokotizoni na betamethasoni zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na kwamba mgonjwa wa Moroto au Kyangwali hana daktari wa ngozi wa kumwandikia cheti wiki hii wala mwezi ujao. Kinachohitajika ni kutenganisha. Zebaki haina mjadala: Uganda ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, na nchi wanachama ziliamua mwaka 2023 kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki viondolewe ifikapo 2025. Steroidi za daraja la juu na michanganyiko ya tatu kwa moja zibanwe kwelikweli, kwa ukaguzi wa Mamlaka ya Dawa unaofika hadi kwenye vibanda vya vipodozi. Haidrokotizoni isiwekwe kundi moja nazo.

Kisha maandishi. Mwaka 2024 Uingereza iliagiza ukali wa krimu uandikwe wazi juu ya boksi na tyubu, kwa maneno ya kawaida. Sisi tungeweza kufanya hivyo kwa wino mdogo sana: hafifu, wastani, kali, kali sana. Kiswahili kimekubaliwa na Baraza la Mawaziri kuwa lugha rasmi tangu Julai 2022, na kwa askari, kwa mfanyabiashara wa mpakani, kwa mkimbizi wa Kikongo aliyeko Nakivale, maneno hayo manne yanasomeka kuliko karatasi ndefu ya Kiingereza iliyokunjwa ndani ya boksi. Watu wa kusimamia matumizi nao wapo njiani: Moshi, Tanzania, kuna kituo cha mafunzo ya ngozi cha kanda hii tangu 1992, kinachowafundisha matabibu kutambua na kutibu magonjwa haya bila kuwa madaktari bingwa. Kila tabibu tunayempeleka kule anaokoa foleni nzima.

Limebaki kundi ambalo marufuku ikija ghafla italiumiza kuliko lingine lolote: wale ambao wamekwisha kuzoea. Mwanamke aliyejichubua kwa miaka sita kwa krimu kali mwili mzima hawezi kuambiwa aitupe kesho. Ngozi itamwakia, na zile tezi za juu ya figo zilizolala huenda zisiamke kwa wakati, akapata uchovu mkubwa, kizunguzungu, kutapika, presha kushuka, hasa akipata malaria au upasuaji katikati. Huyu apokelewe bila kufokewa, apimwe presha na sukari, ashushwe daraja kwa daraja na kupunguziwa siku kwa wiki kadhaa, na aje na vikopo vyake vyote, hata vile visivyo na jina.